Kusi Inakopa, Kaskazi Inalipa: Safari ya Kurudi Ushongo

Alhamisi, mwezi 12. Dar es Salaam hadi Bagamoyo

Safari hii niliipanga kwa kuhesabu mwezi wa angani, na ndio ninaoandikia tarehe hapa. Nilitaka kuwa Ushongo bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu, linapoanza, katikati ya Julai, upepo wa kusi ukiwa umeshika kweli. Watu wengi hupenda kwenda pwani bahari ikiwa imetulia, miezi ya upepo wa kaskazi, na sina ugomvi nao. Mimi ufuko ule wa kusini mwa Pangani niliupenda kwa mawimbi yake. Mtu akitaja pwani, kabla sijaona rangi ya maji wala mnazi, nasikia kishindo. Usiku nyumbani kwa bibi kishindo hicho kiliingia chini ya mlango hadi kwenye miguu ya kitanda, na mjomba, akiwa bado amelala, alikwisha kujua kama chombo kitashuka majini asubuhi au hakishuki.

Tumetoka Dar mapema. Binamu anaendesha pikapu yake, mama amekaa mbele, mimi nimebanwa nyuma na vitu alivyoagiza mjomba: kamba, misumari, rangi na pamba ya kalafati, ya kuziba nyufa za chombo.

Mchana tumesimama Kaole, kilomita tano hivi kusini mwa mji wa Bagamoyo, kwa sababu mama hajawahi kuyaona magofu. Msikiti wake wa zamani unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Huu ulikuwa mji wa bandari, na leo ukisimama magofuni, kati yako na bahari kuna mchanga, tope na mikoko. Bahari haikuvunja kitu hapa. Ilileta mchanga mwaka hata mwaka, mikoko ikaota ikaushika, vyombo vikakosa pa kutia nanga, biashara ikahamia Bagamoyo. Nikasema watu wa Kaole wangefurahi kupata kusi moja kali ya kuwafagilia bandari.

"Na sisi kule tunaomba kinyume chake," mama akajibu, akaendelea kusoma kibao cha makaburi.

Tumelala Bagamoyo.

Ijumaa, mwezi 13. Bagamoyo, Saadani, Ushongo

Njia ya Makurunge, vumbi, daraja la Wami. Mto umejaa rangi ya udongo, na nimefurahi kuuona hivyo, kwa sababu mchanga wa ufukoni hauzaliwi ufukoni. Sehemu ni matumbawe na magamba yaliyosagwa na bahari yenyewe, sehemu ni mawe ya bara yaliyosagwa na mito na kuteremshwa pwani. Wami inamwaga mzigo wake karibu na Saadani. Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, inajulikana kwa jambo moja ambalo mbuga zetu nyingine kubwa hazina: wanyama wa nyika wanafika hadi ufukweni mwa Bahari ya Hindi. Tumeona kuro na ngiri. Ufuko wa pale ni tambarare sana, wimbi linavunjika mbali na kufika miguuni limechoka. Hatukukaa.

Baada ya Mkwaja njia imekuwa mbaya, nasi tukanyamaza wote kila mtu akishika alipopata pa kushika. Mwera, minazi, mashamba ya mkonge, kisha harufu ya chumvi. Tumefika saa kumi na moja jioni, maji yakiwa yameanza kurudi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na njia. Dada, karibu nyumbani."

Mama hakukaa. Alipita moja kwa moja hadi ukingoni, akasimama ameshika kiuno. Safu ya mbele ya minazi imekwenda. Safu ya pili, ile tuliyofungia bembea, sasa ndiyo ya mbele, na miwili kati yake ina mizizi wazi upande wa bahari, nyekundu, inaning'inia. Kisima cha bibi, ambacho tulikuwa tunachota na kulalamika kwamba kutoka pale hadi majini jua linatuunguza nyayo, kimo mchangani chini ya mstari wa maji kujaa. Limebaki duara la mawe na ndani yake kaa.

Nilikuwa nimeambiwa kwa simu. Kuambiwa na kuona ni mambo mawili. Mama alilia kidogo, akajifuta na ncha ya kanga, akamuuliza mjomba kama wali umeshapikwa.

Usiku huu kishindo kiko karibu zaidi kuliko ninavyokikumbuka, na bado ndicho.

Jumamosi, mwezi 14. Ushongo

Hapa kwetu bamvua lina saa zake. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na kukupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka. Mtoto wa pwani anajua hili kabla ya kujua kusoma saa ya ukutani. Kati ya kujaa na kukupwa kwa bamvua kubwa tofauti inaweza kukaribia mita nne, kwa hiyo ufuko unaouona asubuhi na ule wa alasiri ni kama nchi mbili.

Saa nne nimetembea na mjomba juu ya mchanga mgumu hadi maji yalipokuwa. Yeye anatembea polepole siku hizi lakini macho yake yako kazini. Alinionyesha jinsi mchanga ulivyochimbwa upande wa kusini wa kila jiwe na kulundikwa kaskazini yake.

"Kusi inakopa," alisema, "kaskazi inalipa."

Msemo huu nimeusikia kwake tangu utotoni, na sijapata maelezo mazuri zaidi ya ufuko wetu. Kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, hupiga kutoka kusini-mashariki. Mawimbi yake huupiga ufuko kwa mshazari: kila moja hupandisha chembe za mchanga upande mmoja, kisha maji yanateremka wima, na chembe zimesogea hatua kuelekea kaskazini. Mara elfu kwa siku, kwa miezi. Kuanzia Novemba kaskazi huanza kurudisha. Wimbi la kusi ni kali, huvuta mchanga hadi kwenye mafungu ya chini ya maji. Wimbi la kaskazi ni pole zaidi na huupandisha tena. Nilipokuwa mdogo tulikuwa na ufuko wa Agosti, mwembamba wenye ngazi kali ya mchanga, na ufuko wa Februari, mpana wa kuchezea mpira. Hakuna aliyeogopa ule mwembamba. Deni lilikuwa linajulikana na mdaiwa alikuwa anajulikana.

"Na siku hizi?"

"Siku hizi inalipa nusu."

Hakuongeza neno, na mimi sikumharakisha. Tulirudi.

Alasiri ndiyo niliyoijia. Kuanzia saa tisa bahari ilianza kuinuka, upepo nyuma yake, na kufikia saa kumi ufuko mzima ulikuwa unatetemeka chini ya miguu. Nitaeleza ninachokielewa, kwa sababu nimetumia miaka mingi kujaribu kuelewa kitu kilichonitia hofu na furaha kwa pamoja.

Wimbi likiwa kilindini halisafirishi maji. Tazama boya la mtego: linapanda, linasogea mbele kidogo, linashuka, linarudi karibu pale pale. Kinachosafiri ni nguvu. Upepo ukikaa juu ya bahari pana kwa muda mrefu unaikabidhi nguvu hiyo, na bahari inaitunza. Mawimbi yanayopishana kwa sekunde 10, yakiwa kwenye kina kirefu, yana mita 156 hivi kutoka kilele hadi kilele na yanakwenda kilomita 56 kwa saa. Mwendo wake unafika chini hadi nusu ya urefu huo, mita 78 hivi. Chini zaidi samaki hajui kama juu kuna tufani. Kisha sakafu ya bahari inaanza kupanda kuelekea kwetu. Wimbi linagusa chini, linapunguza kasi, lile la nyuma linalisogelea, urefu wake unakunjika na kimo chake kinainuka. Likifika mahali ambapo kina ni kimo chake na theluthi moja hivi, kichwa kinaitangulia miguu, nalo linavunjika.

Pale linapovunjika ndipo maji yanaposafiri kweli. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025 hivi, zaidi ya tani. Na kimo cha wimbi kikiongezeka maradufu, nguvu yake huongezeka mara nne. Ndiyo sababu wimbi linalokufika kifuani halikutendei sawa na lile la magotini, hata kama kwa macho unaona ni kubwa kidogo tu.

Mengine yanatoka mbali kuliko upepo wa leo. Katikati ya mawimbi mafupi ya kusi yanayogombana, hupita marefu, yametulia, yamepangana, yaliyozaliwa na tufani za kusini kabisa mwa bahari, karibu na Antaktika. Walter Munk, mwanasayansi wa bahari wa Marekani, katika miaka ya 1950 alipima mawimbi kwenye kisiwa cha Guadalupe, pwani ya Meksiko, akafuatilia chanzo cha baadhi yake na kukuta ni Bahari ya Hindi, bahari yetu hii, upande ule wa pili wa dunia. Nilipolisoma hilo nilifurahi kama niliyesikia ndugu amefika salama ugenini.

Nimeingia majini saa kumi na nusu. Mjomba alikaa juu ya chombo kilichopinduliwa, ananiangalia kama alivyokuwa ananiangalia zamani. Yeye ndiye aliyenifundisha. Alinishika shingoni kwa nyuma, kiganja chake kigumu kwa kamba, tukasimama maji yakiwa kiunoni, naye akawa anahesabu kwa sauti. Mawimbi makubwa huja kwa makundi, kwa sababu mawimbi ya urefu tofauti hupishana njiani, mahali pengine yakijumlishana, mahali pengine yakiuana. Nahodha anayeshusha chombo husubiri kundi lipite, kisha anasukuma kwenye utulivu mfupi unaofuata. "Subiri wakubwa wapite," mjomba alikuwa anasema, na mkono wake shingoni ukinituliza. Wimbi lilipokuja lenyewe aliniinamisha. Tulipita chini yake. Kwa muda ule kichwa changu kilijaa ngurumo na mchanga ukinipita masikioni, kisha mwanga, na yeye anacheka.

Jambo jingine alilonifundisha nitaliandika hapa kwa ajili ya yeyote anayeogelea penye mawimbi. Maji yanayosukumwa ufukweni lazima yarudi, na mara nyingi hurudi kwa njia nyembamba, mkondo unaovuta kuelekea baharini. Unautambua kwa ukimya wake: pale ambapo mawimbi hayavunjiki na maji yana rangi nzito ya mchanga, panapoonekana salama kuliko kwingine. Ukikuchukua, usishindane nao. Hauzamishi mtu, anayezama ni aliyechoka kwa kupigana nao. Jiachie uelee, ogelea kwa ubavu, sambamba na ufuko, hadi utoke kwenye njia yake, ndipo urudi na mawimbi. Nimeona vijana wenye misuli wakishindwa na mkondo, na nimemwona bibi, mwembamba, akitoka humo bila hata kuloweka kilemba.

Leo nimepita chini ya mawimbi hadi jua lilipozama nyuma ya minazi. Mkono shingoni haukuwepo. Kila moja lilipoinuka niliusikia.

Jumapili, mwezi 15. Maziwe

Tumeondoka saa moja asubuhi kwa mashua ya injini, upepo wa umande ukivuma kutoka bara, kabla kusi haijaamka. Nahodha ni kijana wa pale pale. Anamwita mjomba "mwalimu". Safari haifiki saa moja.

Mama ameikubali safari hii kwa masharti kwamba asiulizwe kitu. Ana sababu. Alipokuwa msichana Maziwe kilikuwa kisiwa, chenye miti ya mivinje, chenye kivuli, ambako wavuvi walilala na kasa walipanda kutaga kwa wingi kuliko mahali pengine popote pa pwani hii. Katika miaka ya 1970 kilianza kupungua. Mivinje ilikatwa, mizizi iliyoshika mchanga ikaoza, mawimbi yakaanza kula ukingo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mti wa mwisho ulikuwa umekwenda.

Tulichokikuta ni fungu la mchanga mweupe, refu, tupu, limezungukwa na matumbawe. Hakuna jani. Maji ya bamvua yakijaa linafunikwa lote. Unaweza kupita juu yake kwa chombo usijue. Mama alitembea kutoka ncha moja hadi nyingine amevua viatu. Aliporudi alinionyesha kwa kidole sehemu yenye maji ya rangi ya zumaridi nje ya fungu, akasema pale ndipo walipokuwa wanapika.

Nimejiuliza sana juu ya Maziwe. Ni rahisi kusema wimbi ni adui, kwamba liliua kisiwa. Lakini kisiwa kile kilikuwa kazi ya wimbi tangu mwanzo: mchanga wa matumbawe uliovunjwa mwambani, ukasogezwa, ukalundikwa kwenye upande uliotulia. Wimbi lilikuwa linatoa na kuchukua mahali pamoja, na miti ndiyo iliyokuwa inashika mizani. Ilipokatwa, wimbi liliendelea na kazi yake ile ile bila kubadili chochote. Nimekaa kwenye mchanga ule nikaona mimi siwezi kulikasirikia.

Tumeogelea juu ya matumbawe hadi karibu saa tano. Samaki ni wengi, na upande mmoja kuna mashimo ya zamani kwenye mwamba, makovu ya baruti. Mwamba uliovunjwa hauvunji wimbi, na wimbi lisilovunjwa mwambani linakuja kuvunjika nyumbani kwa mtu. Nahodha alisema siku hizi baruti haisikiki kama zamani. Nimemshukuru Mungu kwa hilo.

Kurudi, kusi ilikuwa imeamka. Mashua ilipandishwa na mawimbi ya nyuma na kuteremshwa, tezi juu, omo chini, na kijana akawa anageuza kichwa kila mara kutazama lijalo. Mama alikuwa anatabasamu. Nilikuwa nimesahau kwamba yeye pia ni wa hapa.

Usiku mwezi ulipanda mpevu kabisa, na mjomba akakumbuka mwezi mwingine kama huo: Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004. Kwa saa zetu maji yalitakiwa yakupwe asubuhi na kujaa saa kumi. Alasiri ile, akiwa anashona wavu, aliona maji yanajaa, yanaondoka ghafla hadi ngalawa zikakaa kwenye tope, yanarudi, yanaondoka tena, bila kumuuliza mwezi. Hakuwa na jina la kitu hicho. Aliwaita watoto wote watoke majini, akawapandisha juu, akasema bahari ambayo haifuati saa zake haifai kusogelewa. Redio ndiyo iliyosema baadaye kwamba ardhi ilikuwa imetikisika chini ya bahari karibu na Sumatra alfajiri ile, na wimbi limevuka bahari nzima kwa saa chache. Lilifika kwetu limepungua sana, na hata hivyo liliua watu katika pwani ya Tanzania. Watoto wa Ushongo aliowaita yeye walikuwa wamekaa chini ya mwembe.

Jumatatu, mwezi 16. Ushongo

Siku ya kasa. Kwa kuwa Maziwe inafunikwa, mayai yanayotagwa pale hufa kwa maji ya chumvi. Wenyeji wa Ushongo wanaofanya kazi ya kuwalinda huyachimba mapema na kuyaleta huku, wakayafukia juu ya mstari wa maji kujaa. Takriban siku 60 baadaye yanaanguliwa.

Tumesimama saa kumi na moja hivi, nyuma ya kamba. Mchanga ulizama kidogo katikati, kisha kichwa kimoja, kisha kundi zima likachemka. Kasa wadogo wa rangi ya makaa, kila mmoja anaenea kiganjani, walishuka kuelekea kishindo. Maji yalikuwa yamejaa na mawimbi yalikuwa makubwa. La kwanza liliwachukua kumi na kuwarudisha kumi, wamepinduliwa. Mtoto mmoja aliyekuwa karibu nami alimwomba mlinzi awasaidie.

Mlinzi alimwambia wanahitaji kulipata lile wimbi. Ndivyo ilivyo: kasa mdogo akiingia majini hajui pwani iko wapi wala kilindi kiko wapi, na kinachomwongoza ni wimbi. Analielekea. Linakotoka ndiko bahari kuu ilipo. Kwa kulikabili anafika mbali na ufuko wenye ndege na kaa. Bahari ikilala kabisa, anakosa dira yake ya kwanza.

Nimetazama hadi wa mwisho alipopenya. Nilimwona akiinuliwa ndani ya ukuta wa maji, mwanga wa jioni nyuma yake, miguu yake minne inapiga, anaelekea juu.

Jumanne, mwezi 17. Pangani

Bamvua limefika kileleni leo. Kwa kawaida hukawia siku moja au mbili baada ya mwezi kuwa mpevu. Tumekwenda mjini kununua mbao. Upande wa Bweni tumesubiri kivuko, na kusubiri kumenipa nafasi ya kuutazama mlango wa mto.

Mto Pangani unatoka kwenye maji ya Kilimanjaro na Meru, unasafiri kilomita 500 hivi, na hapa ndipo unapokutana na kusi. Maji ya bamvua yanapotoka, mto unakimbilia nje huku mawimbi yakikimbilia ndani. Wimbi linalopambana na mkondo hufupika na kusimama wima, na mlango mzima unakuwa meno meupe. Vyombo vinasubiri. Nahodha wa hapa anayeingia na kutoka kwenye maji yale kwa tanga ni mtu wa kupewa heshima yake.

Mjomba ndipo alipomaliza kile alichokiacha Jumamosi. "Mto huu ulikuwa unatema mchanga," alisema. "Masika, rangi yake ulikuwa unaiona hadi mbali. Kaskazi ilikuwa inauchukua na kutuletea."

Juu huko kuna bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960, kuna Hale, na kuna mitambo mipya ya maporomoko ya Pangani tangu mwaka 1995. Umeme wake tunautumia. Hata taa ya mjomba inawaka. Lakini maji yakitulia nyuma ya bwawa, mchanga unazama na kubaki huko. Ongeza mikoko iliyokatwa, mwamba uliopigwa baruti, mchanga unaochotwa kwa malori kwenye vijito vya pwani kujengea nyumba, na usawa wa bahari duniani ambao umepanda kwa sentimita 20 hivi tangu mwaka 1900. Kaskazi bado ina nia ya kulipa. Mfuko wake ndio uliopungua.

Upande wa mjini tumetembea juu ya ukuta mpya wa kuzuia bahari. Ni kazi nzuri, na mji wa kale kama huu, wenye boma na nyumba za mawe, haungeweza kuhama. Hata hivyo simama juu yake maji yakiwa yamejaa utaona ukuta unafanya nini. Ufukoni wimbi linapanda mteremko, linaishiwa, linaacha chembe chache za mchanga. Kwenye ukuta halina pa kuishia. Linarudi na nguvu yake, na linaporudi linachimba miguuni mwa ukuta. Ukuta unaokoa kilicho nyuma yake. Ufuko ulio mbele yake haukai. Mtu anayejenga ukuta inabidi awe amechagua kipi kati ya hivyo viwili anataka kukiokoa, na Pangani mjini nadhani wamechagua sawa. Ushongo, ambako kuna minazi, mabanda na ufuko wenyewe, mimi ningechagua kingine.

Nilimwambia mjomba hivyo kwenye kivuko, kwa woga kidogo, kwa sababu nyumba ni yake. Hakujibu hadi tulipofika ng'ambo.

Jumatano, mwezi 18. Ushongo

Asubuhi mjomba alikuwa amekwisha kuchora kwa ufito, mchangani, mahali banda jipya la vyombo litakapokuwa: nyuma kabisa, kupita mwembe, mbali na ukingo kiasi kwamba vijana walilalamika juu ya kuburuta ngalawa. Aliwaambia waweke magogo ya kuviringishia. Banda la zamani tumelibomoa na mbao nzuri tumezihamisha. Ukingoni amekataza mtu kung'oa ile mimea inayotambaa mchangani yenye maua ya zambarau, ambayo wageni huona ni magugu. Inashika mchanga, na kila ilipo, ukingo uko juu kwa kiganja kizima.

Kwenye jiwe kubwa la kisima cha bibi tumepaka mstari wa rangi nyekundu, usawa wa mchanga wa leo. Wazo ni la mama. Februari, kaskazi ikiwa imefanya kazi yake, mjomba atapima kutoka mstari ule kwenda juu na kutupigia simu, na Agosti tena.

Baada ya adhuhuri tumechimba mashimo ya nguzo, udongo mwekundu ukitoka chini ya mchanga, na kusi ikitupulizia moshi wa jiko machoni. Nguzo nne zimesimama. Binamu na mama wanaondoka kesho alfajiri. Mimi nabaki hadi maji mafu ili tumalize kuezeka. Makuti yamesukwa, kamba zipo, na misumari tuliyoleta itatosha.